Emuleta ilipita, kituo cha mwani kikasimama: kisa kutoka Pemba

Kisa hiki kinahusu programu ya simu ya kuandikia mizani ya mwani. Tuliijaribu wiki sita ndani ya emuleta, yaani simu ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta, bila kuona hitilafu kubwa, kisha ikatukwamia asubuhi ya kwanza ilipofika ufukweni. Majina ya watu, kijiji, kikundi na mnunuzi nimeyaondoa, na mambo madogo yasiyogusa funzo nimeyabadilisha. Mimi nilikuwa msimamizi wa majaribio. Orodha ya mambo ya kujaribu niliiandika mwenyewe, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa yalipita mikononi mwangu kabla hayajaonekana kwa mtu mwingine.

Usuli

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Zanzibar mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, ukaenea Pemba, na leo sehemu kubwa ya mwani wa visiwa hivi inatoka Pemba. Wakulima wengi ni akina mama. Kazi yao inafuata maji. Siku za bamvua, bahari ikitoka mbali, wanaingia kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Yakija maji mafu wanabaki nchi kavu kuanika, kufungasha na kuuza.

Kikundi tulichofanya nacho kazi kilikuwa na karani wake, mama mmoja wa makamo aliyeaminiwa na wote. Siku ya mauzo alitundika gunia kwenye mizani, akasoma, akataja kilo kwa sauti ili mwenye mwani asikie, ndipo akaandika kwenye daftari. Utaratibu ulikuwa mzuri. Tatizo lilikuja jioni, daftari la kikundi lilipowekwa karibu na hesabu ya mnunuzi na kukuta kilo mbili tatu hapa, gunia zima kule. Bei ya mwani ni ndogo, na mtu aliyesimama kiunoni ndani ya maji ya chumvi kwa ajili ya kilo tatu ana haki ya kuzidai zote.

Programu ilikusudiwa kumaliza ugomvi huo. Karani anaskani kadi ya mkulima yenye msimbo wa QR, anaandika kilo, anapiga picha ya uso wa mizani, anabonyeza Hifadhi. Rekodi inakwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kutunza rekodi zote, na mkulima anapata ujumbe mfupi wa risiti papo hapo. Malipo ya simu baadaye yanafuata rekodi zile zile.

Tulikuwa watu wanne, ofisi yetu Mjini Unguja. Kompyuta zetu zilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 16. Fungu la kununulia simu za majaribio halikuwamo kwenye mkataba, nasi hatukuliomba, kwa sababu tuliamini emuleta inatosha.

Tulivyojaribu ofisini

Kwa asiyeijua: emuleta ya Android ni simu kamili inayoishi ndani ya kompyuta. Ina mfumo wake wa uendeshaji, betri ya kuigiza, GPS ya kuigiza, hata kamera inayoonyesha chumba cha kubuni. Simuleta ya iPhone ni kitu kingine. Ile haiigi simu nzima. Inaendesha programu iliyojengwa kwa ajili ya prosesa ya Mac yenyewe, haina kamera, wala haibanwi na kumbukumbu ndogo kama simu halisi. Wengi huzitaja kama pacha, na kosa hilo limewaponza watu. Sisi tulikuwa upande wa Android peke yake, kwa kuwa simu ya karani ilikuwa Android na hakuna mtu kituoni aliyekuwa na nyingine.

Tulijaribu kwa bidii, na hilo nalisema bila kujitetea. Tulikuwa na majaribio ya kujiendesha yaliyopita kila usiku. Tulikuwa na kipimo cha "mtandao haupo", yaani kuwasha hali ya ndege, kuhifadhi gunia, kuizima tena, na kuona rekodi inakwenda yenyewe. Ilikwenda kila mara.

Sasa tazama mazingira ambamo hayo yote yalifanyika. Emuleta yetu ilipewa gigabaiti 4 za kumbukumbu. Betri yake, kama ilivyo kawaida ya emuleta usipoigusa, ilikuwa kwenye chaji muda wote. Seva ilikuwa ndani ya kompyuta ile ile: emuleta huifikia kompyuta iliyomo kwa anwani 10.0.2.2, nasi tukaiandika anwani hiyo siku ya kwanza na hatukuibadilisha katika majaribio yote ya ofisini. Kwa wiki sita, ombi la programu yetu halikuvuka hata meza. Na kioo cha simu kilikuwa dirisha kubwa kwenye kompyuta, kivulini, kikiguswa na ncha ya kishale cha panya.

Asubuhi ya kwanza kituoni

Tulivuka na boti, tukalala Pemba, na saa 2 asubuhi tulikuwa kituoni. Magunia yalikuwa yameshapangwa na akina mama wamekaa chini ya minazi wakisubiri zamu. Simu ya karani ilikuwa ya Android Go, yaani Android nyepesi ya simu za bei nafuu, toleo la 8.1, yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Nyingi za simu za pale zilikuwa za aina hiyo. Tuliisakinisha programu kwa faili tuliloleta wenyewe, ikaingia bila lalamiko.

Hitilafu ya kwanza ilichukua sekunde tano. Karani alibonyeza "Skani kadi", programu ikafunga. Akarudia, ikafunga tena. Tukamwomba achague majina kwenye orodha badala ya kuskani, kazi ikaendelea.

Ya pili ndiyo iliyotuumiza. Gunia la kwanza likatundikwa. Karani alijifuta mikono kwenye kanga, akaandika kilo, akabonyeza kitufe cha picha. Kamera ikafunguka taratibu. Akapiga picha ya mizani, akabonyeza alama ya vema, na programu ikarudi kwenye ukurasa wake wa mwanzo kabisa. Jina halipo, kilo hazipo, picha haipo.

"Mwanangu, imefuta," alimwambia kijana wetu.

"Samahani mama, hebu anza upya."

Akaanza upya, safari hii ikakubali. Gunia la tatu likakubali, la nne likafuta. Hakuna aliyeweza kukisia litakalofuta. Karani akabuni njia yake mwenyewe: kabla ya kubonyeza kitufe cha picha, aliandika jina na kilo kwenye kiganja kwa kalamu. Nilipomwona anafanya hivyo nilielewa kwamba tumemrudisha nyuma ya pale tulipomkuta, kwa sababu daftari lake halikuwahi kufuta kitu.

Mtandao nao ulikuwa na namna yake. Vijiti vya mawimbi vilikuwa viwili, wakati mwingine vitatu, lakini data haikupita. Baada ya sekunde thelathini programu ilisema "Haikutumwa, jaribu tena", karani akajaribu tena, ikasema vile vile, akajaribu tena. Karibu na saa 4 bibi mmoja alikuja mezani ameshika simu yake ndogo ya vitufe. Alikuwa amepata risiti mbili, zote za kilo 46.

"Mimi nimeleta gunia moja tu. Hii ya pili ya nani?"

Tukafungua seva na kukuta magunia yake mawili. Wengine kadhaa walikuwa hivyo hivyo, ila hawakuwa wamezisoma simu zao.

Ya nne hatukuiona pale. Tuliipata usiku kwenye ripoti. Fomu ilikuwa na sehemu ya "Saa ya kupima", tarakimu tupu, kwa hesabu ya saa 24. Karani alipima saa 2 na dakika kumi asubuhi, akaandika 2:10. Ripoti ikasema mwani umepimwa saa 8 na dakika kumi za usiku. Hatukuwa na mgeni katika timu. Sote wanne tumezaliwa tukihesabu saa kwa kuchomoza jua, tunamwambia dereva "njoo saa 2" naye anakuja saa 2. Lakini tukikaa mbele ya kompyuta tunabadilika bila kujijua, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu aliyesimama kwenye mchanga ataandika saa gani.

Hitilafu ya tano ni ya jua na mikono. Rangi ya kijivu iliyopendeza ofisini haikusomeka nje. Vitufe vya tarakimu tulivichora wenyewe, vidogo, na kidole chenye maji ya chumvi kiliandika 64 mahali pa 46 au hakikuandika kitu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukuwa wetu. Saa 5 kasoro, mwenyekiti wa kikundi alisema kwa upole kwamba foleni imesimama na jua linapanda, turudi kwenye daftari. Tukarudi. Nashukuru alisema mapema, kwa sababu sisi tulikuwa bado tunataka "gunia moja tu la mwisho".

Uamuzi wa pili ulikuwa wa usiku ule: daftari ndilo litakuwa kweli, seva itasahihishwa kulifuata. Daftari na alama za kiganja zilitupa magunia 22. Seva ilikuwa na rekodi 27, saba zikiwa za kurudiwa, na magunia mawili hayakuwamo kabisa. Hakuna malipo yaliyotoka kwa hesabu ile.

Uamuzi wa tatu ulizua mjadala mrefu tuliporudi Mjini. Mwenzetu mmoja alitaka emuleta iwekwe kando kabisa na tununue simu kumi. Mwingine alipendekeza huduma za kukodi simu halisi zilizo mbali, unazozishika kupitia intaneti. Mawazo yote mawili yalikuwa na akili ndani yake. Lakini simu za kukodi ziko kwenye majengo yenye umeme usiokatika na mtandao wa kasi, kwa hiyo zingetuonyesha prosesa na kumbukumbu tu, zisituonyeshe ufukwe. Na simu kumi mkononi zingetuonyesha kwamba fomu inafuta, bila kutuambia kwa nini, kwa sababu kosa linalotokea mara moja kwa magunia matatu halishikiki kwa kulisubiri.

Tulikubaliana hivi. Tununue simu mbili zilizotumika, aina ile ile ya karani. Na kila hitilafu tuliyoiona kituoni, kabla ya kugusa msimbo wa programu, lazima kwanza tuilazimishe itokee ndani ya emuleta, itokee kila mara tunapoitaka. Isipotokea, hatujaielewa. Sababu ya pili ilikuwa ya kawaida kabisa: kwenda Pemba na kurudi kunakula siku mbili na nauli, na hatukuwa na haki ya kuigeuza siku ya mauzo ya akina mama kuwa maabara yetu mara ya pili.

Kuurudisha ufukwe ndani ya kompyuta

Tulianza na fomu inayofuta. Simu yenye gigabaiti 1 ikifungua kamera, kumbukumbu inaisha, na mfumo unaizima programu iliyo nyuma ili kamera ipate nafasi. Programu hiyo ilikuwa yetu. Kamera ikimaliza, mfumo unaiwasha upya, na kama haikuhifadhi chochote inaamka haikumbuki kitu. Si hitilafu ya simu. Android imefanya hivyo tangu zamani, na nyaraka zake zinasema wazi. Gigabaiti zetu 4 ndizo zilizotuficha.

Ndani ya emuleta tulilifanya kwa njia mbili. Tulitengeneza emuleta mpya ya Android 8.1 yenye gigabaiti 1. Halafu, kwa uhakika zaidi, tulifungua kamera kutoka kwenye fomu, na kamera ikiwa mbele tukaiua programu yetu kwa amri ya `adb shell am kill`. Tukapiga picha, tukarudi. Fomu tupu. Tukarudia, fomu tupu. Ofisi nzima ilifurahi kuona kosa, jambo ambalo mpita njia asingelielewa. Dawa yake ilikuwa fupi: kila tarakimu inayoandikwa inaingia kwenye hifadhidata ya simu papo hapo, kabla ya kitufe chochote kubonyezwa. Jaribio hilo la kuua sasa linaendeshwa kila usiku pamoja na mengine.

Magunia ya kurudiwa yalitaka kufikiri zaidi. Kosa langu lilikuwa kudhani mtandao una hali mbili, upo au haupo. Hali ya ndege inajaribu hizo mbili tu. Kituoni kulikuwa na hali ya tatu: ombi linafika kwenye seva, seva inaandika gunia, jibu linapotea njiani. Simu inaamini haikutuma. Karani anatuma tena, na seva isiyojua kitu inaandika gunia jipya.

Emuleta ina mipangilio ya kasi na ucheleweshaji ambayo tulikuwa hatujawahi kuigusa. Ukichagua `gprs`, aina ya mtandao wa simu wa zamani, kila jibu linachelewa kati ya milisekunde 150 na 550; `edge` ni kati ya 80 na 400. Hizo zilitusaidia kuona kurasa nzito na muda wetu wa kusubiri uliokuwa mfupi mno. Jibu linalopotea hazikuweza kulitengeneza. Kwa hilo tuliongeza kanuni ndogo kwenye seva ya majaribio: pokea, hifadhi, kisha nyamaza. Tuliiwasha, tukabonyeza Hifadhi mara tatu, tukapata magunia matatu. Dawa ilikuwa simu yenyewe kuliwekea kila gunia namba ya pekee pale fomu inapofunguliwa. Seva ikiiona namba iliyokwisha kuiandika inajibu "imepokelewa" bila kuongeza kitu. Tulihamisha pia seva ya majaribio kutoka 10.0.2.2 kwenda nje ya jengo, ili ombi lisafiri kweli.

Saa tuliiondoa kwenye fomu. Programu inachukua wakati wa simu, inauonyesha kama watu wanavyousema, "saa 2:10 asubuhi", na seva inaweka wakati wake pembeni kwa kulinganisha iwapo saa ya simu imekosewa. Katika emuleta tuliweka lugha ya mfumo iwe Kiswahili na ikabaki hivyo. Mabadiliko hayo madogo yalitufichulia vitufe viwili ambavyo maneno yake yalikatika kwa urefu, vilivyokuwa vimetupita kwa wiki sita.

Kuskani kadi ndiko kulikokataa kuigizwa ndani ya emuleta. Maktaba ya kusomea QR, yaani fungu la msimbo uliotengenezwa tayari, ilikuwa na sehemu iliyojengwa kwa prosesa za ARM, aina inayotumika kwenye simu, za biti 64 na kwa prosesa za kompyuta, bila ile ya ARM ya biti 32. Emuleta yetu inatumia prosesa ya kompyuta, kwa hiyo ingeendelea kufanya kazi milele. Simu ya karani ni ya biti 32. Maktaba nyingine zote zilikuwa na sehemu hiyo, ndiyo maana faili lilisakinika bila kulalamika na kuanguka baadaye. Tulijifunza kulifungua faili la programu na kuangalia folda ya `lib` kabla ya kulitoa, kazi ya dakika moja. Simu mbili tulizonunua zikathibitisha.

Jua na mikono tulivipeleka nje ya mlango. Vitufe vya tarakimu vilikuwa chini ya kipimo cha dp 48 ambacho mwongozo wa Google unakitaka kwa eneo la kugusa, takriban milimita 9. Tukavikuza kupita hapo, maandishi yakawa meusi juu ya nyeupe, na kila aliyegusa ukurasa wowote wa programu alitoka na simu ya majaribio saa 7 mchana, akalowesha vidole kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akaandika magunia kumi.

Matokeo

Tulirudi kituoni katika maji mafu ya mwezi uliofuata. Safari hii daftari lilikuwa mezani tangu mwanzo, karani akiandika kote kuwili, kwa makubaliano kwamba daftari ndilo linalotawala. Kamera ilifunguka na kufunga siku nzima. Mara mbili niliona programu ikiamka upya baada ya picha, na fomu ikawa imejaa kama ilivyoachwa. Karani hakugundua. Bibi wa kilo 46 alipata risiti moja, akaisoma mbele yetu, akaondoka.

Jioni tulilinganisha. Kwenye simu magunia yote ya daftari yalikuwamo na kilo zililingana. Kwenye seva yalipungua tisa. Hayakupotea. Yalikuwa ndani ya simu, yakisubiri. Karani alikuwa amemaliza kazi, akazima kioo, akaiweka simu mkobani, na simu ikalala. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila chaji huzibana programu zilizo nyuma ili kulinda betri. Utumaji wetu ulikuwa miongoni mwa vilivyobanwa. Asubuhi alipoifungua programu, tisa zote zikaenda ndani ya dakika moja.

Hili nalo lingeonekana ofisini. Ipo amri ya kuiambia emuleta kwamba imechomolewa chaji, `adb shell dumpsys battery unplug`, na nyingine ya kuilaza kwa nguvu. Tulikuwa tumeorodhesha hitilafu tano tulizoziona, tukazishughulikia zote tano, na hatukuuliza ni nini kingine katika emuleta kilikuwa bado cha ofisini. Chaji ilikuwa imebaki asilimia 100.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Baada ya siku ile ya kwanza nilisikia ikisemwa kwamba emuleta ilitudanganya. Sikubaliani. Emuleta ilijibu sawasawa kila tulichoiuliza, nasi tuliiuliza kuhusu simu yenye kumbukumbu nyingi, iliyochomekwa ukutani, inayozungumza na seva iliyo kando yake, mikononi mwa mtu mkavu aliyekaa kivulini. Mipangilio yote ya kuibana ilikuwamo tangu siku tuliyoisakinisha. Tuliacha thamani za mwanzo kwa sababu zilifanana na maisha yetu, na kitu kinachofanana na maisha yako hukioni kuwa ni uchaguzi.

Kanuni ya "ilazimishe itokee kwanza" ndiyo iliyotuvusha. Ilikuwa ya kuchosha. Fomu inayofuta ilitugharimu siku mbili kabla haijakubali kutokea kwa amri. Lakini dawa zote tulizoziandika kwa njia hiyo zimedumu. Dawa moja tuliyoiandika bila kuigiza, ya kurefusha muda wa kusubiri jibu kituoni kule kule asubuhi ile, ilizidisha tatizo. Karani alisubiri zaidi na bado magunia yalijirudia.

Kosa lililokuwa rahisi zaidi kuliepuka lilikuwa kutomwuliza karani anatumia simu gani. Swali moja kwa njia ya simu, wiki sita kabla, lingetupa Android 8.1, gigabaiti 1 na biti 32 kwa pamoja. Tulimwuliza kuhusu mizani, kuhusu daftari, kuhusu majina ya wakulima, na tukasahau kitu alichokuwa amekishika mkononi alipokuwa akitujibu.

Na tulikosea kukipeleka kitu kipya siku ya mauzo halisi bila daftari pembeni. Kama si alama za kiganjani, magunia mawili yasingepatikana tena, na kila gunia lilikuwa na mwenyewe.

Kuna lililobaki ambalo hatujalitatua kwa msimbo. Betri ni ya mwenye simu, na mfumo una haki ya kuilinda; kumlazimisha karani aache simu yake macho usiku kucha kwa ajili yetu si sawa. Tulichofanya ni kuweka juu ya ukurasa, kwa tarakimu kubwa, idadi ya magunia ambayo bado hayajatumwa. Karani naye aliongeza lake. Nyuma ya skuli ya kijiji pana mwembe ambapo data hupita vizuri, na kila mtu pale anaujua. Akimaliza kupima anatembea hadi hapo, anasimama na simu mkononi, anaiangalia ile tarakimu ikishuka mpaka sifuri, ndipo anaitia mkobani.